Siku Kumi na Tisa za Kijani

Kundi letu la WhatsApp la wafanyakazi wa zamani lina watu kumi na mmoja, na kwa kawaida halina la maana. Salamu za Jumapili, picha za ubarikio, mtu anauza kiwanja Kisesa. Mwezi uliopita mmoja wetu alipendekeza tukutane tule samaki, tuonane kabla hatujaanza kuonana misibani tu, na ili kututia hamu akatuma picha ya zamani iliyopigwa mbele ya ofisi yetu pale Mirongo, Mwanza. Mimi niko pembeni, mwembamba, nimenyanyua kidevu kama mtu aliyeshinda kitu. Katikati amesimama Ma Advera, kitenge cha bluu, miwani imeteremka hadi ncha ya pua, daftari kwapani. Kabla sijamaliza kuitazama, mtu akaandika chini yake: "Huyu si ndiye yule mama aliyemfungulia mwanae mtihani?" Zikafuata sura tatu za kucheka hadi machozi. Niliandika, "Hapana, hakufungua." Nikafuta. Nikaandika, "Jamani, mambo ya zamani hayo." Hilo nalo nikalifuta, maana lilikuwa uongo wenye adabu. Mwishowe mimi, mwanamke niliyevuka arobaini, ninayelipwa kufundisha vijana namna ya kupima ulinzi wa kompyuta, nikabonyeza kijimoyo chekundu juu ya picha na kuilaza simu kifudifudi mezani. Niliona aibu pale pale, na aibu hiyo haikuwa ngeni kwangu. Nimeishi nayo miaka kumi na mitano.

Mwaka ule nilikuwa na ishirini na saba. Ofisi ilikuwa vyumba viwili na korido, ghorofani, juu ya duka la nyavu, kwa hiyo hewa yetu ilinuka nailoni mpya siku zote, na dagaa siku ambazo wavuvi walikuja kununua. Kazi yetu ilikuwa kuwatunzia watu fayawoli. Fayawoli, kwa asiyeijua, ni mlinzi wa getini kwenye mtandao. Anashika orodha ya kanuni: mlango huu ufunguliwe kwa fulani, ule usifunguliwe kwa yeyote. Tulikuwa na wateja kuanzia viwanda vya samaki hadi zahanati na shule, na kila mmoja alikuwa na orodha yake. Kosa la mstari mmoja lingeweza kuacha mlango wazi bila mtu kugundua, kwa sababu mlango ulioachwa wazi kwa bahati mbaya haupigi kelele. Ndiyo maana kila orodha ilipaswa kupimwa, na kwa miaka kadhaa aliyepima alikuwa Ma Advera.

Ma alikuwa na miaka hamsini na kitu, Mhaya, Mlutheri, na ujana wake wote alikuwa ameketi kwenye ubao wa kuunganisha simu, enzi ambazo ukimtaka mtu wa Bukoba unamwomba dada wa simu akupatie. Kompyuta alizijia ukubwani na hakuziogopa. Kwenye chumba cha nyuma tulikuwa na seva moja, na ndani yake mashine pepe tatu, yaani kompyuta zisizo na mwili wake, zinazoishi kwa kugawana mwili wa ile moja. Ya kubisha tuliiita Kulwa. Ya kupokea tuliiita Doto. Katikati yao, akibeba kanuni za mteja anayepimwa, alikaa Shija, jina ambalo sisi Wasukuma tunampa anayezaliwa baada ya mapacha. Ma alimtuma Kulwa abishe mlango mmoja mmoja, huku akitazama kwa Doto kama kuna kilichofika. Mlango uliotakiwa kuwa wazi ilibidi upitishe. Uliotakiwa kufungwa, ilibidi Doto asisikie kitu. Kila mlango ulipata mstari wake kwenye daftari, kwa mwandiko wa shule ya misheni, na mteja mmoja alimmalizia Ma asubuhi nzima. Tena kila alipoanza, hata kama alikuwa amepima dakika tano zilizopita, mlango wa kwanza kuubisha ulikuwa ule anaojua kabisa kwamba uko wazi. Siku moja nilimuuliza kwa nini anajichosha.

"Kule simu," akasema, "mtu akilalamika kwamba laini ya Biharamulo imekufa, hukimbilii kuandika imekufa. Kwanza unampigia mwenzio wa meza ya pili. Ikiita, basi simu yako ni nzima, sasa unayo haki ya kusema ya Biharamulo imekufa. Isipoita, wewe nyamaza, mgonjwa ni wewe."

Nilicheka. Niliona ni hadithi ya kizee, nzuri kwa kusikilizwa wakati wa chai.

Chakula cha mchana tulikula kwenye kijichumba chenye jiko la umeme na meza iliyokuwa zamani mlango. Ma alileta ndizi na maharage kwenye hotipoti, na msimu wa senene ulipofika alileta senene wa kukaanga ndani ya chupa ya jemu, akawagawa kwa kuhesabu kama dawa. Mimi nilileta michembe, viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga. "Wasukuma mnatafuna soli za viatu," alikuwa akiniambia, na mimi namjibu kwamba anayekula panzi hana mdomo wa kumcheka mtu. Asubuhi alinisalimia "Mwangaluka!" kwa lafudhi ya Kihaya iliyoiua ile salamu ya Kisukuma kabisa, kisha akasubiri shikamoo yake. Alikuwa na binti mmoja, Adela, kidato cha nne kwenye shule ya kanisa huko Magu, na hapakupita siku bila Adela kutajwa: Adela amekuwa wa tatu, Adela anataka unesi, Adela anaandika kwamba maharage ya shule yana mchanga. Shule hiyo ilikuwa mteja wetu, na aliyeileta alikuwa Ma mwenyewe. Aliwaambia wazee wa kanisa, "Nitawapimia kwa mikono yangu." Mwishoni mwa mwezi, ambapo kwangu Mabatini kulikuwa hakuna sufuria linalochemka, nilikula ndizi za Ma na yeye akajifanya ameshiba. Ninaeleza haya ili ijulikane kwamba niliyemtenda si mtu baki.

Sasa la kwangu. Nilikuwa na haraka ya kuonekana. Nilikuwa nimesoma kwamba huko duniani watu hawapimi tena kwa mkono, wanaandika skripti, maagizo ambayo mashine inayafuata peke yake, na mimi nikaandika ya kwetu. Kila alfajiri, kabla mtu hajapanda ngazi, skripti ilichukua kanuni za kila mteja kama zilivyo wakati huo, ikampa Shija, ikamwamuru Kulwa abishe, ikamsikiliza Doto, ikaandika ripoti. Kijani, pako sawa. Nyekundu, pana tatizo. Kazi ya wiki nzima ya Ma ilikwisha kabla maji ya chai hayajachemka. Siku niliyoionyesha, meneja wetu, Bwana Sospeter, alipiga makofi kweli kweli. "Ma, sasa upumzishe mikono," akasema. "Kuanzia leo usirudie kazi ya mashine." Wote walicheka, na Ma alicheka pia, akalifunga daftari na kulitia kwenye droo. Nilimwona alivyolifunga. Nilijisikia mkubwa.

Shida ikawa nyekundu za uongo. Seva yetu ilikuwa ndogo, Doto alichelewa kujibu, na milango iliyokuwa wazi ikaonekana imefungwa. "Nyamizi," Bwana Sospeter akaniambia mbele ya watu, "ripoti yako mbona kila siku inatoka damu?" Ningeweza kuomba seva kubwa. Ningeweza kumwongezea Doto muda wa kujibu, kazi ya siku mbili au tatu. Badala yake niliyaondoa maswali yote ya milango ya wazi, nikabakiza ya iliyofungwa tu. Hoja yangu ilikuwa nzuri masikioni: mlango wa mteja ukifungwa kimakosa, mteja atapiga simu mwenyewe, na kweli wateja wetu walikuwa wepesi wa simu kuliko mashine yoyote. Kesho yake ripoti ilitoka kijani mwanzo mpaka mwisho. Nilipomsimulia Ma wakati wa chai, aliacha kukoroga kikombe.

"Umeziondoa zote za wazi?"

"Zote, Ma. Zilikuwa zinatuchafulia tu."

"Sasa Kulwa akiugua, utajuaje?"

"Ma, mashine haiugui."

"Mh," akasema, na akaendelea kukoroga. Hakubishana. Alikuwa ameshaambiwa apumzishe mikono.

Alasiri moja ya mwanzo wa mwezi wa tisa mvua ya radi ilipiga kuanzia Mwanza hadi Magu. Mirongo umeme ulikatika na seva ikazimika. Uliporudi, Shija na Doto waliamka wenyewe. Kulwa hakuamka, kwa sababu siku ninamtengeneza sikuweka ile alama ndogo inayomwambia awake umeme ukirudi. Na skripti niliyoiandika nilikuwa nimeiamuru isilalamike kwa hitilafu ndogo ndogo. Siku hiyo hiyo, kule Magu, fayawoli ya shule ilipoteza kumbukumbu zake, mwalimu akapiga simu, na mimi nikairudishia kanuni kutoka kwenye nakala niliyokuwa nayo. Nilijisifu kwamba nimemaliza nikiwa kitini. Nakala yenyewe ilikuwa ya wiki iliyotangulia, na wiki hiyo palikuwa na mlango wa muda, uliofunguliwa ili fundi aliyeko Dar aweke mfumo wa mitihani bila kusafiri. Fundi alipomaliza, Ma aliufunga ule mlango, akaupima, akalitoa daftari kwenye droo na kuandika mstari wake. Mimi nikaufungua tena, bila kujua, kwa kubonyeza mara moja.

Kuanzia alfajiri iliyofuata skripti ilimwamuru Kulwa abishe, na Kulwa hakuwepo. Doto akasikiliza, hakusikia kitu. Kwa kuwa maswali yote yaliyobaki yalitaka kimya, kimya kikaandikwa kijani. Kurasa nzima za kijani, siku kumi na tisa, na katika siku hizo meneja alinisifu mara mbili.

Siku ya kumi na tisa ilikuwa Alhamisi. Mitihani ya majaribio ya shule kadhaa za kanisa ilipakiwa siku hiyo kwenye seva ya Magu, na Ma akaenda huko kuunganisha kompyuta mbili mpya za ofisi ya mkuu wa shule. Asubuhi aliniuliza mlango wa ile shule ukoje, nikamwonyesha ripoti: kijani. Akaniamini, hakuupima. Jioni, Ma akiwa ameshaondoka Magu, mtu fulani aliingia kupitia ule mlango na kuchukua mitihani. Hatukumjua kamwe ni nani. Ijumaa maswali yalikutwa yamenakiliwa kwa kalamu kwenye bweni la shule nyingine. Simu zilianza kuita ofisini kabla ya saa nne, na Ma ndiye aliyekimbilia kompyuta, akaukuta mlango uko wazi, akaufunga. "Nani ameufungua?" aliuliza chumba kizima. Wakati huo hata mimi nilikuwa sijui. Ijumaa ile nilikuwa bado mtu safi.

Jumamosi mchana Bwana Sospeter alinipigia niende nikachape ripoti zote tangu mvua hadi ile Alhamisi, za kikao cha Jumatatu. Duka la nyavu lilikuwa linapokea mzigo, wapagazi wanaimba chini, na mimi juu peke yangu na soda. Nilifungua seva kuchukua ripoti, jicho likaangukia zile mashine tatu. Shija ana taa. Doto ana taa. Kulwa ni wa kijivu. Nilibonyeza kuona amezimika tangu lini, na pale pale nikajua yote, hata ile nakala ya zamani, kama mtu aliyewashiwa taa chumbani. Nilisema kwa sauti, "Nitamwambia Jumatatu." Halafu nikamwasha Kulwa. Nikaiendesha skripti upya, ikatoka kijani, safari hii kijani cha kweli kwa kuwa Ma alishaufunga mlango. Nikachapa kurasa za siku kumi na tisa, nikazipanga kwa tarehe, nikazibana kwa pini. Hakuna aliyenishikia bunduki. Nilizibana vizuri, pembe kwa pembe, maana mimi ni mtu wa usafi.

Kikao kilikuwa na watu wanne: meneja, mkuu wa shule, Ma na mimi. Bwana Sospeter alieleza bila ukali, na ndivyo alivyokuwa, mtu wa hesabu. Kila alfajiri mlango ulikuwa umefungwa, karatasi hizi hapa. Alhamisi alfajiri umefungwa. Alhamisi jioni uko wazi. Katikati, aliyegusa ile fayawoli ni mmoja. Ma aliteremsha miwani na kuanza kusoma. Alisoma kila ukurasa, kwa kidole, kama alivyokuwa anasoma daftari lake, na mimi nikakaa nikitazama kile kidole kikiteremka juu ya uongo wangu mstari kwa mstari. Alipofika wa mwisho alinigeukia.

"Alhamisi asubuhi palikuwa pamefungwa, Nyamizi?"

Ningesema hapana. Nimelitamka mara nyingi tangu siku ile, bafuni, garini, kanisani wakati wa toba. Ni neno jepesi tu. Nilisema, "Ndiyo, Ma."

"Basi ni mimi," akasema. "Wakati naunganisha zile kompyuta, nitakuwa nimekosea mahali. Mikono imezeeka."

Mkuu wa shule alikohoa. "Mama, binti yako si yuko kidato cha nne kwetu?"

Ma hakuelewa mara moja. Nilimwona anaelewa. Alimtazama yule mwalimu, kisha meneja, kisha mimi, na kwangu ndiko alikokaa, akingoja mtu anayemfahamu aseme neno. Niliinama kuokota kifuniko cha kalamu ambacho hakikuwa kimeanguka.

Aliondoka kazini wiki hiyo, kwa barua aliyoiandika mwenyewe. Mitihani ilirudiwa, na Adela aliifanya peke yake kwenye chumba cha walimu, na msimamizi mbele yake. Hapakuwa na ushahidi wowote kwamba alikuwa ameyaona maswali, lakini watu hawakuhitaji ushahidi. Siku chache baadaye nilikuwa naelekea jikoni na sahani yangu nikawasikia mhasibu na dereva. "Wewe ungekuwa na binti kidato cha nne, na funguo unazo mkononi, ungefanyaje?" Dereva akasema, "Ningefungua, tena madirisha pia." Wakacheka. Waligeuka wakaniona mlangoni, na mimi, ambaye nilikuwa na ndizi za Ma za mwezi mzima tumboni, nilicheka nao. Kicheko kile ninakikumbuka kuliko kikao. Kikaoni niliogopa, na woga una visingizio vyake. Pale jikoni sikuwa naogopa chochote, nilitaka tu kuwa mmoja wao.

Mwaka uliisha nikiwa kwenye meza ya Ma. Nilirudisha maswali ya milango ya wazi, kimya kimya. Nikaongeza mlango mmoja unaobishwa kabla ya yote, ule unaojulikana uko wazi, ili Kulwa ajithibitishe kwanza. Nilialikwa Dar kueleza mtindo huo, nikaueleza vizuri, na mtu akaniuliza nimeutoa wapi. Nilisema niliufikiria mwenyewe. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani, na mimi nimefukiza ubani wa kila aina: vyeti, sadaka, ukali kwa vijana wangu wanaposahau kupima. Harufu iko pale pale.

Kwa hiyo Jumamosi moja baada ya ile picha, nilimpigia Adela, ambaye namba yake haikunichukua hata dakika tatu kuipata. Sasa ni muuguzi upande wa Sengerema na anaishi na mama yake. Nilimwambia nataka kuja kuwaona. "Mama atafurahi mno," akasema, na sauti yake ilikuwa ya furaha kweli. Kabla ya kuondoka niliandika kundini kwamba aliyefungua ule mlango ni mimi, kwamba ripoti zilikuwa za uongo na nilijua, kisha nikazima simu, maana woga haujaniisha. Kwa miaka mingi kisingizio changu kilikuwa kivuko cha Busisi: foleni, kusubiri, nitarudi saa ngapi. Siku hizi kuna daraja. Nilivuka kabla wimbo wa redioni haujaisha, na upande wa pili nikajikuta sina tena cha kusingizia.

Ma amekuwa mdogo. Alinipokea mikono yangu yote miwili, akaitikia shikamoo yangu mara mbili, akanipa kahawa ya kutafuna kwenye kisonzo, kikapu kidogo cha ukindu, kama anavyopewa mgeni wa heshima. Tulikula ndizi na sato. Baada ya kula aliingia jikoni, akatoka, akasimama katikati ya sebule. "Adela, hebu njoo uniangalizie kama nimezima gesi." Adela akaja, akashika kile kitufe. "Umezima, Mama." Dakika chache baadaye ikawa kufuli la stoo. "Umefunga, Mama." Ma alinitabasamia akarudi kitini.

"Tangu ile ya Magu siiamini mikono yangu," akasema. "Nikifunga kitu, lazima mtu mwingine aniangalizie. Huyu namchosha." Aliyasema bila lawama, kama mtu anayesimulia habari za goti lake.

"Ma, ulifunga," nikasema.

"Stoo?"

"Mlango wa Magu. Ulifunga, na hukuufungua tena. Nilifungua mimi."

Nilimweleza kwa mpangilio: radi, nakala, Kulwa, Jumamosi. Sikulia. Nilikuwa nimejikataza kulia, asije akalazimika kunibembeleza. Alisikiliza kama fundi.

"Zile za wazi ulikuwa umeziondoa," akasema.

"Ndiyo, Ma."

"Na Jumamosi ulijua."

"Nilijua."

"Kabla ya kikao."

"Kabla ya kikao, Ma."

Nje kuna mtu alikuwa anatwanga. Kisha Ma akaita, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Mirongo. "Adela! Kaa hapa. Nyamizi, mwambie na yeye. Hivyo hivyo, usipunguze."

Nikaanza upya. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu usoni mwa yule muuguzi nilimwona msichana wa kidato cha nne kwenye chumba cha walimu. Nilipomaliza, Adela hakunitazama mimi. Alimtazama mama yake, ameshika kitambaa cha meza.

"Kwa hiyo hukunifungulia," akasema.

"Nikufungulie nini?"

"Mtihani, Mama. Mimi siku zote nilijua ulinifungulia. Ndiyo maana sikukuuliza hata siku moja. Nilisema, Mama amejichafua kwa ajili yangu, basi lazima nifaulu."

Ma alivua miwani. "Miaka yote hii unanipikia, unanipeleka kanisani, ukijua mimi ni mwizi?"

"Nilikuwa nimekusamehe, Mama."

Niliinuka, nadhani nilitaka kupiga magoti, sijui. Ma alinyanyua kiganja bila kugeuza kichwa. "Nyamizi, nenda. Tuache."

Kwa Wahaya, na kwetu pia, mgeni husindikizwa. Hata mliyegombana naye humfikisha getini. Nilivaa viatu vyangu mlangoni peke yangu, nikapita uani, nikafungua geti na kulirudishia mwenyewe. Dirisha la sebule lilikuwa wazi, na nikiwa natafuta ufunguo wa gari nilimsikia Ma akiuliza, kwa upole, polepole, kama mtu anayetaka kuelewa hesabu: "Ulinisamehe nini, mwanangu?" Alingoja. Adela alikuwa analia. Ma akauliza tena.